Kikundi chenu wenyewe au mwavuli wa shirika kubwa: nani ashike kumbukumbu za yaliyowapata raia

Swali hili naulizwa sana sahizi, huku Kampala na pia kule kwenye kambi za wakimbizi za Nakivale, Kyaka na Kyangwali. Watu wamekaa wakakubaliana kwamba yaliyowapata raia kule Congo, au hapa kaskazini mwa Uganda, yaandikwe sawasawa: nani aliuawa, lini, wapi, nyumba ya nani ilichomwa, nani mpaka leo hajulikani alipo, na kazi yote ifanyike bila kuegemea upande. Mpaka hapo wote wako pamoja. Alafu wanakwama kwenye uongozi, je tusajili kikundi chetu wilayani tuendeshe wenyewe, au tuingie chini ya mwavuli wa shirika kubwa au chuo kikuu chenye wanasheria, seva na askari wa geti? Naziweka njia zote mbili hapa sambamba. Sitazipima kwa vifaa wala kwa ukubwa wa bajeti, nitazipima kwa siku mbaya, zile siku mtu anakuja na ombi ambalo mkilikubali vibaya kuna mtu ataumia.

Kwanza niseme kwa nini inafaa tuumize kichwa. Chukua Barlonyo, kule Lira. Tarehe 21 Februari 2004 waasi wa LRA waliingia kwenye kambi ya watu waliokuwa wamekimbia vijiji vyao, wakaua, wengine wakachomwa ndani ya nyumba. Jiwe la kumbukumbu pale linasema 121, watu wa Barlonyo wenyewe wanahesabu zaidi ya 300. Tofauti hiyo ni watu, kila mmoja na jina lake na wanawe waliobaki, na namba ikishachongwa kwenye jiwe kuibadilisha ni kazi nzito sana. Chukua pia kesi ya Congo na Uganda kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Haki, The Hague. Februari 2022 majaji waliamua Uganda ilipe dola milioni 325, wakati Congo ilikuwa imedai zaidi ya bilioni 11. Congo ilisema waliokufa ni 180,000, mahakama ikaona ushahidi uliopo unaifikisha kati ya 10,000 na 15,000, na ilieleza wazi kwamba kilicholetwa mbele yake hakikutosha. Miaka ilikuwa imepita, watu wametawanyika, karatasi hazipo.

Na kutoegemea upande tusikuzungumzie hewani. Kule Barlonyo walioua ni LRA. Mukura, kule Teso, tarehe 11 Julai 1989, wanaume 69 walikufa kwa kukosa hewa ndani ya behewa la treni walimofungiwa na wanajeshi wa NRA, jeshi la serikali lenyewe. Daftari lenye nafasi ya Barlonyo lakini halina nafasi ya Mukura lina upande tayari, na lile lenye Mukura bila Barlonyo vilevile.

Haya, siku ya kwanza mbaya: anakuja ofisa, au mtu anayejiita ofisa, anataka orodha ya majina.

Kikundi chenu wenyewe hapa kiko uchi. Chini ya sheria ya NGO ya 2016 kikundi cha jamii kinasajiliwa wilayani, na kwenye kamati ya wilaya inayopitia maombi yenu yupo ofisa wa usalama wa ndani wa wilaya, kwa hiyo mnajulikana toka siku ya kwanza ni kina nani na mnafanya nini. Hilo peke yake si baya, kazi halali haijifichi. Ubaya ni kwamba laptopu iko nyumbani kwa mwenyekiti, mwenyekiti anaishi kambini, kitambulisho chake cha ukimbizi kinatoka Ofisi ya Waziri Mkuu, watoto wake wanasoma pale pale, sasa huyo mtu atasimama vipi mlangoni saa mbili usiku aseme sitoi? Tena sheria ya wakimbizi ya 2006 inamkataza mkimbizi kufanya siasa ndani ya Uganda, hata siasa dhidi ya nchi aliyotoka, na mtu akitaka kuwaumiza anaweza kusema tu kwamba daftari lenu ni siasa, muanze kujieleza.

Shirika kubwa linajibu tofauti. Lina mwanasheria anayesema leta amri ya mahakama, lina usajili kwenye ofisi ya ulinzi wa data binafsi kama sheria ya 2019 inavyotaka, na kumbukumbu haziko kwenye chumba ambacho mtu anaweza kuvunja kufuli akaondoka nazo. Kwa siku hii shirika kubwa linashinda, nasema bila kusita. Ila kuna mambo mawili watu hawayaoni mpaka yawakute. La kwanza, hata makubwa yanafungwa: Agosti 2021 mashirika 54 yalisimamishwa kwa mara moja hapa Uganda, na mlango ukifungwa kumbukumbu zenu nazo ziko ndani ya mlango huo huo. La pili ndilo linanitia wasiwasi zaidi, shirika lina miradi mingine mingi, ya maji, ya shule, ya afya, na mkurugenzi akiambiwa achague kati ya kulinda miradi kumi na kulinda daftari lenu, anaweza kulitoa bila hata kuwapigia simu. Si kwa ubaya. Kwake yeye ni hesabu, na nyie hamkuwa kwenye chumba hesabu ilipopigwa.

Dawa ya sehemu ipo na haihitaji hela nyingi. KoboToolbox, ile programu ya kujaza fomu ambayo mashirika mengi kambini yanaitumia kwenye simu, inaweza kuwekwa namna ambayo fomu ikishakamilika inafungwa kwa siri humo humo kwenye simu, na hata mwenye seva hawezi kuisoma bila ufunguo maalumu, yaani faili la siri linalofungua data. Swali la uongozi sasa linakuwa dogo na la wazi: ufunguo anao nani? Kama anao mtu mmoja, iwe mwenyekiti wenu au ofisa wa data wa shirika, basi usalama wa mashahidi wote unategemea moyo wa mtu mmoja siku anayotishwa. Ufunguo ukipotea nao data imekwenda, hairudi, kwa hiyo lazima ziwepo nakala mbili kwa watu wawili wasiokaa sehemu moja, na iandikwe kabisa nani na nani wakubali ndipo ufunguliwe.

Siku ya pili ni ngumu kuliko zote na ndiyo nitakaa nayo kidogo: mtu mwenye heshima kwenye jamii anawaambia kisa fulani msikiandike.

Vikundi vyetu vingi vinazaliwa kwa kufahamiana, na sisi tunafahamiana kwa kabila na kwa kijiji. Nakivale utakuta Banyamulenge wana jumuiya yao, Bafuliiru yao, Babembe yao, na Kyangwali watu wa Ituri, kule Congo, wamekuja na majeraha ya vita vya Hema na Lendu, wengi wao wamevuka Ziwa Albert lile lile. Kikundi cha watu wa upande mmoja hata kiwe na watu wakweli kabisa, mama wa upande wa pili hatakuja kukaa kwenye kiti chenu akaeleza mwanawe alivyouawa na watu ambao majina yao yanafanana na yenu. Hatakuja, na hamuwezi kumlaumu. Alafu akija mzee wa kwenu akasema wanangu, hicho kisa cha vijana wetu kuchoma soko kiacheni kwanza, tutaaibika, nani atambishia mzee? Kwenye kikundi cha wenyewe kwa wenyewe shinikizo linakuja kwa sauti ya upole, ya baba akiongea na watoto wake, na ndiyo maana linafanikiwa.

Shirika kubwa hapa linaonekana zuri, linaonekana mgeni kwa wote, pande zote zinakuja. Lakini mgeni haongei Kilendu wala Kifuliiru, anaajiri mkalimani, anamtafuta mtu wa kumtafutia mashahidi, na huyo mtu ana kabila, ana deni, ana binamu. Lililotokea kwenye kesi ya Thomas Lubanga, kiongozi wa waasi wa Ituri aliyeshtakiwa kwa kuwaingiza watoto jeshini, kule ICC, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, kila anayetaka kufanya kazi hii inabidi alijue. Waendesha mashtaka wa ICC walitegemea watu wa kati huko Ituri kuwapata mashahidi, na hukumu ilipotolewa Machi 2012 majaji walisema baadhi ya hao watu wa kati huenda waliwashawishi mashahidi kusema uongo, wakakataa kuutegemea ushahidi wa wale walioletwa kama watoto waliokuwa wanajeshi. Lubanga alitiwa hatiani hata hivyo, kwa ushahidi mwingine zikiwemo video. Taasisi kubwa kiasi hicho, na ikaanguka kwa sababu ya mtu mmoja mmoja ambaye hakuna aliyemsimamia karibu. Na wanaoumia ni vijana ambao kweli walibebeshwa bunduki, manake maneno yao yaliwekwa kapu moja na ya wengine.

Kwa hiyo siku hii sioni mshindi, naona kazi ambayo njia zote mbili zinaikwepa. Kamati inayopitia visa lazima iwe na watu wa kila upande unaotajwa kwenye daftari, hata kama mwanzoni hawasalimiani vizuri. Mtu asiamue peke yake kuhusu kisa cha jamii yake, wala kukiingiza wala kukitoa. Kisa kikikataliwa sababu iandikwe na ibaki, ili akija mtu baada ya miaka mitano aone kwamba upande mmoja visa vyake vinakataliwa zaidi ya mwingine. Fomu iwe moja kwa wote: kama upande huu mnaandika jina la kundi lililoua, upande ule pia muandike jina la kundi, sio huku "wanajeshi" na kule "magaidi". Na kila taarifa iwe na alama ya ilivyopatikana, aliyeona mwenyewe, aliyesikia kwa aliyeona, au iliyothibitishwa na watu wawili wasiojuana. Hii ya mwisho inachosha, najua, watu wanataka kuandika haraka wakiwa bado na uchungu, lakini bila hiyo wakili yeyote atawasambaratisha kwa nusu saa.

Siku ya tatu, mama aliyehojiwa mwezi uliopita anarudi anasema nimefikiri, futeni maneno yangu.

Hapa kikundi cha nyumbani kinashinda kwa ukaribu. Mama anajua mnapokaa, anakuja jioni baada ya shamba, anasema na mtu anayemjua, kwa Kiswahili chake. Kwa shirika kubwa inabidi apige namba ya ofisi ya Kampala, aandikiwe fomu, asubiri, na huku taarifa yake labda imeshatumwa kwa washirika nje ya nchi. Sheria ya 2019 inampa haki ya kuomba taarifa zake zirekebishwe au zifutwe, ila haki hiyo haimsaidii asiyejua mlango wa kubisha. Lakini na nyie wa kikundi kidogo jiulizeni vizuri, mkifuta kwenye laptopu je kwenye fleshi? Na ile picha mliyotumiana WhatsApp? Wengi hawana hata orodha ya sehemu ambazo nakala ziko, na bila orodha hiyo kumwambia mama tumefuta ni kumdanganya.

Ridhaa yenyewe isiwe sahihi moja chini ya karatasi. Muulizeni mtu vitu vinne tofauti na akubali au akatae kila kimoja: tukae na maelezo yako, tuyatumie kwenye ripoti bila jina lako, tuyape mahakama ikiomba, tuwape watafiti. Kuna wengi watakubali mawili wakakataa mawili, na hiyo ni sawa kabisa.

Alafu kuna jambo la matumaini, na hili kambini ni zito. Mtu akihojiwa anafikiri anaandikishwa kupelekwa Marekani au Canada, anafikiri kuna fidia inakuja. Ameshasikia kwamba Februari 2024 ICC iliamuru fidia ya zaidi ya euro milioni 52 kwa waathirika wa Dominic Ongwen, aliyekuwa kamanda wa LRA, hao wanaokadiriwa kuwa karibu 50,000, na ndani yake malipo ya euro 750 kwa kila mmoja, na anajiuliza mbona mimi nisipate. Lazima aambiwe mwanzoni kabla ya kufungua mdomo na aambiwe tena mwishoni: hii haikupeleki popote na haikulipi chochote. Majirani wanaona vigumu kumwambia jirani maneno hayo usoni, wageni wanayasema haraka haraka kwa Kiingereza kisha mkalimani anayalainisha. Mwekeni mtu mwingine amuulize baadaye ameelewa nini.

Na tusiwahoji watu mara nyingi. ICC na Eurojust, ofisi ya Umoja wa Ulaya inayounganisha waendesha mashtaka, walitoa mwongozo 2022 kwa mashirika ya kiraia na unaonya wasikimbilie kuchukua maelezo marefu ya mtu, kwa sababu kila mahojiano yanamrudisha kwenye maumivu yake na pia yanazaa maelezo yanayopishana ambayo baadaye yanatumika kumwita mwongo. Kuhusu ubakaji nitakuwa mkali: kikundi kidogo kisichukue maelezo hayo kabisa. Jueni hospitali gani inapokea, jueni mshauri yuko wapi, mpelekeni aliyetaka kwenda, basi.

Siku ya nne ni ya hela na nitapita haraka manake kila mtu anaijua. Mfadhili anataka picha za sura na visa vya kugusa moyo kabla ya mwisho wa robo mwaka. Shirika kubwa lina mikataba ya kutimiza, kikundi kidogo kina mfadhili mmoja tu na kumkataa ni kufa. Iandikwe kwenye mkataba kwamba mfadhili anapata namba na ripoti, majina hapati, na haangalii fomu hata akija kutembelea. Akikataa sharti hilo, muacheni aende.

Siku ya tano, mradi unaisha. Huku kwetu mwenyekiti anapata nafasi ya kwenda kuishi nje, anaondoka na laptopu, na daftari la jamii nzima linaishia kwenye kabati la nyumba ya mbali. Kwa shirika, mradi wa miaka mitatu unafungwa, wafanyakazi wanatawanyika, diski inabaki stoo. Kitgum kuna kituo cha taifa cha kumbukumbu na amani kilichofunguliwa 2011 chini ya Refugee Law Project, mradi wa sheria za wakimbizi wa Chuo Kikuu cha Makerere, mfano mzuri kwamba taasisi inaweza kuyatunza mambo haya yakabaki karibu na walioyapitia. Lakini angalia pia ile ripoti ya Umoja wa Mataifa kuhusu Congo iliyotoka Oktoba 2010, yenye visa 617 vya kati ya 1993 na 2003: majina ya wanaoshukiwa yamewekwa kwenye hifadhi ya siri kwa ofisi ya haki za binadamu ya UN, na waathirika mpaka leo wanapaza sauti yafunguliwe. Naielewa hofu ya waliofunga, mashahidi wangewindwa. Ila waathirika wamebaki wanasubiri, na sisi ningetaka tupange mapema nani na lini ataruhusiwa kufungua.

Sasa nichague. Kama mko kambini, mnatoka upande zaidi ya mmoja, na visa vyenu vinahusu watu wenye silaha ambao bado wapo, nendeni njia ya kugawana: shirika kubwa litunze, kamati yenu iruhusu. Maana yake data inakaa kwao imefungwa, nakala moja ya ufunguo wanayo wao na ya pili anayo mtu wenu, na mtu wa tatu asiye wa kwenu wala wa kwao, wakili au kiongozi wa dini anayeaminiwa na pande zote, anaitwa mkishindwa kuelewana. Karatasi ya makubaliano iseme hivi kabla ya mahojiano ya kwanza: hakuna jina linalotoka bila kamati kuulizwa, wakipata amri ya mahakama mnajulishwa siku hiyo hiyo, shirika likifungwa nakala inaenda kwa nani, mradi ukiisha nini kinafutwa na nini kinahifadhiwa na kwa miaka mingapi. Shirika likisema hayo yatazungumzwa baadaye, tafuteni lingine.

Kama mambo mnayoandika ni ya zamani, ya kaskazini kwa mfano, na watu wa pale wanataka majina ya ndugu zao yasomwe hadharani, kikundi cha kijiji kinatosha na pengine ni bora zaidi, mradi familia ya kila aliyetajwa imekubali na kuna nakala moja imepelekwa sehemu salama nje ya kijiji. Hapo kumuita mgeni wa Kampala aje kuwashikia daftari la wafu wenu naona sio haki kwenu.

Na kama mmetafuta kweli kweli mkakosa hata mtu mmoja wa upande wa pili wa kukaa na nyie kwenye kamati, msianze na majina. Andikeni matukio tu: tarehe, kijiji, kilichotokea, kundi lililoonekana, idadi ya watu, na taarifa imetoka kwa aina gani ya mtu, bila jina la shahidi wala la manusura. Daftari la hivyo hata likiibiwa halimpeleki muuaji mlangoni kwa mtu, na siku akipatikana mwenzenu wa upande wa pili mnaanza naye kwa kulinganisha tarehe zenu na zake.